Kabla hujaandika "kukimbia": neno "run" na kazi zake

Mfasiri anayeanza akiliona neno "run" hulikimbilia "kimbia", na mara nyingi hapo ndipo sentensi inapoharibika. Neno lenyewe lina herufi tatu na mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya, ilielezwa mwaka 2011 kwamba kitenzi hicho peke yake kimehesabiwa maana 645. Kabla yake neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", lenye maana 430 katika toleo la mwaka 1989.

Hakuna haja ya kukariri maana 645. Uliza maswali mawili tu: ni nini hasa kinacho-"run", na neno gani linafuata? Kiingereza kimekitupia kitenzi kimoja maji, injini, barabara, kifungo cha jela na uchaguzi. Kiswahili kimekipa kila kimoja kitenzi chake. Ukishakijua kitu, lifunike "run" kwa kidole, kisha jiulize sisi husemaje kitu hicho kikifanya kazi yake.

Tuanze na miguu, maana hata huko kuna mtego. "He ran to his wife" ni "alimkimbilia mkewe". Dondosha silabi moja, andika "alimkimbia mkewe", na umeshasema kwamba mwanamume huyo ametoroka ndoa. "Nilikimbilia nyumbani" ni kwenda mbio mpaka nyumbani, "nilikimbia nyumbani" msomaji ataelewa kwamba uliondoka kwenu kwa taabu. Kiingereza kinategemea "to" na "from" kuonyesha mwelekeo. Kwetu mwelekeo umo ndani ya kitenzi. Ukipachika kiambishi cha kusababisha unapata "kimbiza", ambalo nalo lina upana wake: kumkimbiza mwizi, kumkimbiza mgonjwa hospitali, kukimbiza Mwenge wa Uhuru. Matumizi hayo matatu Kiingereza huyatafutia vitenzi tofauti, kwa hiyo mzigo wa maana nyingi si wa Kiingereza peke yake.

Kwenye maji kosa lina madhara, kwa sababu maandishi mengi ya namna hii ni ya afya. "Running water" ina sura mbili. Fomu ya utafiti ikiuliza kama nyumba ina "running water", inauliza maji ya bomba. Bango la kunawa mikono likisema "wash under running water", linataka maji tiririka, na hayo hata kopo linaweza kuyatoa ilimradi mtu mwingine akumiminie. Ukiandika "maji ya bomba" kwenye bango hilo, umemwambia mtu asiye na bomba kwamba ushauri haumhusu. Ukiandika "maji tiririka" kwenye fomu, mwenye kuchota mtoni naye atajibu ndiyo, na takwimu zitakuwa zimeharibika. Maji mengine ni mepesi. Machozi humtiririka mtu, mtoto hutokwa na kamasi, rangi ya kitenge kipya huchuja. Katika kilimo "runoff" ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama, ila ukikuta neno hilo kwenye habari za siasa, ujue ni jambo jingine kabisa.

Tukiwa kwenye afya, Waafrika Mashariki tunaozungumza Kiingereza husema "I have a running stomach" na hapa kwetu daktari anaelewa mara moja. Ukimwambia hivyo mfamasia wa London anaweza kukukodolea macho. Yeye amezoea "diarrhoea", au kwa lugha ya mtaani "the runs". Kauli yetu haiko mbali na Kiswahili chenyewe, ambamo mgonjwa husema tumbo linamwendesha.

Hilo "endesha" ndilo neno letu lililo jirani zaidi na "run", na kwa sababu ni jirani, linadanganya. Linafaa kwa biashara, mradi, mkutano, semina na programu ya kompyuta. Kwenye magari linageuka. "She runs three daladalas in Mbagala" ukiiandika "anaendesha daladala tatu Mbagala", umemweka mama wa watu nyuma ya usukani wa magari matatu kwa mpigo. Maana yake ni kwamba ana daladala tatu barabarani, na kila moja ina dereva wake. "The bus runs every hour" ni basi hupita kila baada ya saa moja. "The car runs on diesel" ni gari linatumia dizeli. "Let the engine run for five minutes" ni acha injini iungurume kwa dakika 5. Fundi umeme akiambiwa "run a cable", yeye huvuta waya au huupitisha. Barabara nayo "runs along the coast", yaani inapita kandokando ya pwani. Na kompyuta ikikuambia "running in the background", programu inafanya kazi chinichini, ingawa hakuna dirisha lake linaloonekana.

Mahakamani ndiko ningeomba mtu asifanye haraka. Hakimu anaposema adhabu mbili za miaka 5 "shall run concurrently", mfungwa atakaa miaka 5. Akisema "consecutively", ni miaka 10. Waandishi wa mahakamani wana msemo mzuri kwa la kwanza: adhabu zitakwenda kwa pamoja. Kwa la pili andika kwamba zitatumikiwa moja baada ya nyingine. Usiandike "zitafuatana". Kufuatana kunaweza kusomwa kama kwenda pamoja, na hapo umebakiza shaka ya miaka mitano katika maisha ya mtu. Mkataba wa pango ukisemwa "runs for two years", ni wa miaka 2, basi. Hauhitaji kitenzi kingine.

Siasa zina msamiati uliokwisha kukomaa, kwa hiyo usibuni. "Run for president" ni kugombea urais. "Running mate" ni mgombea mwenza, na "runner-up" ni mshindi wa pili. Ile "runoff" ya uchaguzi ni duru ya pili. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hufanyika ndani ya siku 30 kati ya wawili walioongoza, iwapo hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sentensi inayosema mtu "is running against" fulani ifasiriwe "anachuana na". Ukiandika "anamkimbia", umegeuza mpinzani kuwa mwoga.

Benki ni mojawapo ya mahali pachache ambapo miguu inarudi. "A run on the bank" ni wateja kuikimbilia benki wakatoe fedha zao kwa wakati mmoja, na hapo "kukimbilia" limekaa vizuri sana. Kwenye kriketi kinyume chake hutokea. "Run" hupatikana wapigaji wawili wanapobadilishana pande za uwanja mwembamba wa yadi 22, yaani kama mita 20, lakini mpira ukifika mpakani wanapewa 4 hata kama hawakukamilisha hata mkimbio mmoja. Ukivuka mpaka bila kugusa chini, ni 6.

Sasa yale maneno madogo yanayofuata. "Run into" mtu ni kukutana naye kwa bahati, "run into" ukuta ni kuugonga. "Run over" kwenye taarifa ya ajali si kugongwa tu. Matairi yamepita juu yake, kwa hiyo amekanyagwa na gari, na tofauti hiyo polisi na bima wanaitaka. Kikao kikisemwa "ran over", kimepitiliza muda. Betri "run down" imekwisha chaji, jengo "run-down" limechakaa, mtu "run-down" amechoka hadi mwili umedhoofu. "Run it by me" ni nionyeshe kwanza. "In the long run" ni hatimaye, au baada ya muda mrefu. "Katika mbio ndefu" nimelisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda, na halimwambii Mswahili kitu chochote.

"Run out" lina ugumu wa kurudi nyuma pia. "We have run out of sugar" ni "tumeishiwa sukari", na kutoka Kiingereza kuja kwetu halisumbui. Shida ni tukienda huko. Kwa kuwa kichwani tuna "sukari imekwisha", tunasema "the sugar is finished". Nairobi na Dar mwenye duka ataelewa. Kwenye mtihani wa lugha au barua ya kazi, anza na mtu, siyo sukari: "we have run out".

Mwisho, umbo lake. Ni "run, ran, run", kwa hiyo "he has ran" ni kosa hata kama linasikika redioni. Chanzo cha kosa ni masikio yetu. Kiswahili kina "a" moja, nasi tunapotamka "run" na "ran" yote mawili hutoka "ran". Msikilizaji hana namna ya kujua kama "I run" yako ni ya kila siku au ya jana. Ukiwa unazungumza, weka neno la wakati karibu na kitenzi, "yesterday" au "every morning". Ukiwa unaandika, kila palipo na "has", "have" au "had" kabla yake, herufi ya katikati ni "u".