Ripoti ya nani anaweza kufanya nini kwenye Odoo: nilivyoipata

Mkaguzi wa hesabu aliniomba kitu kilichoonekana chepesi: "Kaka, naomba orodha ya wanaoweza kufuta ankara kwenye mfumo wenu." Nikamwahidi kesho asubuhi. Ilinichukua siku tisa.

Kampuni yetu ni ya usambazaji, tunatumia Odoo toleo la 12, programu ya kuendeshea biashara, na mimi ndiye msimamizi wa mfumo. Siku ya kwanza nilihamishia Excel majina ya watumiaji na vikundi vyao, nikampelekea. Akapitisha macho na kuirudisha. "Hapa umenionyesha mtu yuko kikundi gani. Ninachotaka ni anaweza kufanya nini." Alikuwa na haki kabisa.

Odoo huweka ruhusa kwenye jedwali la ir_model_access. Kila mstari hutaja kikundi, aina ya kumbukumbu (kama ankara), kisha ndiyo au hapana kwa mambo manne: kusoma, kuandika, kuunda na kufuta. Ruhusa hizo hujumlishwa. Kikundi kimoja kikikunyima kufuta na kingine kikikupa, utafuta tu. Ndiyo maana ukisoma kikundi kimoja kimoja unapotea. Lazima uanze na mtu. Niliandika swala la SQL, yaani maagizo ya kuuliza hifadhidata, linalounganisha majedwali ya res_users (watumiaji), res_groups_users_rel (nani yuko kikundi gani) na ir_model_access, nikaacha bool_or ya PostgreSQL, hifadhidata ya Odoo, inijumlishie: penye ndiyo hata moja, jibu ni ndiyo.

Jina la stoo kipa wetu likatokea kwenye orodha ya wanaofuta ankara.

Hakuna aliyempa kwa makusudi. Zamani aliwahi kukaimu umeneja wa tawi, akawekwa kwenye kikundi tulichokitengeneza wenyewe kwa ajili ya makaimu. Kikundi hicho kilibeba ndani yake kikundi cha ankara, na Odoo ilimwingiza kote kuwili. Alipomaliza kukaimu tukamtoa kile cha makaimu, tukadhani yamekwisha. Kumbe mfumo huongeza vikundi vilivyobebwa, ila hauvitoi unapoondoa kilichovibeba. Mzee wa watu alikuwa na ruhusa ambayo hakuiomba wala kuitumia, na siku ankara ikipotea angekuwa wa kwanza kuhojiwa. Jambo hilo liliniuma. Ripoti ya ruhusa humlinda mfanyakazi pia, si mali ya kampuni peke yake.

Nilipodhani nimemaliza, nikahesabu mistari ya ir_model_access na kuona ni mingi kuliko ile iliyotumika kwenye swala langu. Iliyobaki nje haikuwa na kikundi chochote, na kwa namna nilivyounganisha majedwali ilikuwa ikidondoka kimya kimya. Kwenye Odoo, mstari usio na kikundi humhusu kila mtu. Mmoja wapo ulikuwa wa moduli ya punguzo la bei tuliyotengenezewa na mafundi wa nje: nafasi ya kikundi tupu, ndiyo zote nne. Yaani yeyote mwenye akaunti, hata dada wa mapokezi, angeweza kubadilisha punguzo la mteja. Niliufunga mstari huo jioni ile ile, kisha nikamwandikia mkuu wa fedha.

Kuna na kanuni za kumbukumbu, kwenye ir_rule, zinazoamua mtu aone zipi: za kwake au za wote. Zile za vikundi nazo hupanuana, kwa hiyo muuzaji aliye kwenye kikundi cha "zake tu" na cha "zote" huona zote. Niliziwekea safu yake. Chini nikaongeza maelezo kwamba ankara iliyokwisha kuthibitishwa Odoo yenyewe hukataa kuifuta, hata ruhusa ikiwepo, ili mkaguzi asiogope kupita kiasi.

Kazi iliyobaki ilikuwa lugha. Mkuu wa idara hawezi kutia saini karatasi iliyoandikwa account.invoice na perm_unlink. Nikaandika "anaweza kufuta ankara", "anaweza kubadilisha bei", majina chini yake, ukurasa mmoja kwa kila idara, nikazunguka nazo mwenyewe ofisi hadi ofisi. Mama wa mauzo alivaa miwani, akasoma polepole, akakata majina matatu kwa kalamu nyekundu. "Huyu alihamia usafirishaji. Hawa wawili sijui hata walipewa na nani." Nikawaondoa palepale mezani kwake, nikaendesha swala upya na kumchapia karatasi nyingine. Hiyo ndiyo aliyoitia saini.