Chai ya uongo, vikombe viwili

Julai ya 2013 Tukuyu, wilayani Rungwe, ilikuwa na baridi yake ileile, ya kuwaleta watoto kituoni na masweta mawili mawili na makamasi yasiyokauka. Asubuhi hiyo walikuja 11 wa kundi la wadogo, mdogo kabisa akiwa na miezi 22, mkubwa miaka mitatu na nusu. Mimi na mwalimu mwenzangu tulishaandaa vifaa vya mchezo wa kupima watoto wanavyojifanya tangu jana yake: jagi la plastiki linaloonyesha ndani, vikombe viwili vya rangi moja, mdoli wa kitambaa na sarafu ya shilingi 200. Chai haikuwemo kwenye orodha.

Mchezo wenyewe hatukuubuni sisi. Aliyeupa sura hiyo ni Alan Leslie, mwanasaikolojia aliyekuwa akijiuliza swali ambalo kila mama analipita bila kuliona. Mtoto wa miaka miwili bado anajifunza ndizi ni nini. Sasa akiiweka sikioni na kusema "haloo", kwa nini kichwa chake hakivurugiki? Kwa nini kesho yake haimenyi simu? Leslie aliandika hayo mwaka 1987, na mfano wa ndizi ni wake, ingawa ungedhani kautoa Rungwe. Maelezo yake ni kwamba mtoto huweka habari za kujifanya mbali na habari za kweli, kama mwenye duka anayeandika mauzo kwenye daftari moja na madeni kwenye jingine. Mchezo wa vikombe unapima kama daftari la pili lipo.

Unakaa mkekani na mtoto mmoja, wengine wakiwa nje. Unampa jagi, aingize mkono aone kuwa ni tupu. Unasema, "Tunacheza, tunakunywa chai." Unainamisha jagi juu ya kikombe cha kwanza kwa muda wa kutosha kikombe kujaa kweli, kama sekunde tatu, halafu cha pili vivyo hivyo. Ukiharakisha hapa, mtoto anakuona unapunga jagi tu. Kisha unachukua kikombe kimoja, unakipindua, unakikung'uta, unakisimamisha tena palepale kilipokuwa. Vikombe vyote viwili sasa vimesimama mbele yake, vikavu, vinafanana. Unauliza chai iko wapi. Jicho halina la kumsaidia. Jibu liko kwenye chai ambayo haikuwahi kumiminwa, na ambayo nusu yake haikuwahi kumwagwa.

Kwenye karatasi ni jambo la dakika mbili. Saa ya kwanza tuliiharibu yote.

Dada wa jikoni, kwa wema wake, alikuwa amevisuuza vikombe muda mfupi kabla. Kimoja kilibaki na tone chini. Watoto wawili wa kwanza walikitazama hichohicho, mmoja akatia kidole akalamba. Hilo lilikuwa jibu la kweli kwa swali jingine. Tukavifuta, tukaviweka kando ya jiko la mkaa vikauke kabisa.

Kisha nikagundua kwamba mimi namwaga cha kulia kila mara, kwa sababu ndio mkono wangu. Mtoto anayependa kuchukua cha kushoto angefaulu raundi zote bila kuwaza chochote. Sarafu ilikuwa ya kazi hiyo, na nilikuwa nimeiacha mfukoni. Kuanzia hapo tukawa tunairusha kabla ya kila raundi: Karume juu, namwaga cha kushoto; simba juu, namwaga cha kulia.

Kosa la tatu aliliona mwenzangu. "Unakitazama kikombe chenye chai," akaniambia. Nilikataa, akanirudia raundi iliyofuata: "Umekitazama tena." Ni kosa la zamani. Kule Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyesifika kwa kujua hesabu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mwili wa muulizaji, vitikiso vidogo ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavifanya. Mtoto wa miaka miwili anazisoma nyuso za watu kuliko farasi. Dawa ni kumtazama mtoto kwenye paji la uso tangu unapofungua mdomo mpaka mkono wake utakapokigusa kikombe. Inachosha shingo, lakini ndiyo dawa.

Lakini hata baada ya kusahihisha hayo yote, watoto walikuwa wakininyamazia. Nikiuliza, "Kikombe kipi kina chai?" wanainamisha vichwa. Mmoja wa miaka mitatu alinijibu kwa sauti ya chini, "Havina kitu, mwalimu," na kwa hakika havikuwa na kitu. Kwa masharti ya mchezo ningemwandikia amekosa. Nikamwandikia hivyo, na mkono ukawa mzito.

Aliyetutoa hapo ni bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake na kukaa mlangoni kusubiri mvua ipungue. Alikuwa akitutazama muda wote, kitenge kimemfunika hadi masikioni.

"Mwalimu," akasema, "unamuuliza mtoto kitu unachokijua mwenyewe?"

"Shikamoo bibi. Tunataka tujue kama na yeye anakijua."

"Marahaba. Sasa yeye anaona unamtega. Mtu mzima akiuliza kitu kilicho mbele ya macho yake, mtoto anajua kuna kosa amefanya." Akamchukua mdoli, akamkalisha mkekani, akamrekebisha kichwa kilichokuwa kikianguka. "Sema kuna mgeni."

Akamgeukia mjukuu wake, binti wa miaka miwili na miezi michache. "Mama, mgeni huyu katoka Kyela, hajazoea baridi yetu. Mpe chai."

Nikarusha sarafu, nikamimina hewa, nikamwaga hewa. Binti akanyoosha mkono kwenye kikombe ambacho sikukimwaga. Akakipuliza mara mbili. Akakishika kwa mikono yote miwili, akakunja goti kidogo kama anavyofundishwa nyumbani, akampelekea mdoli mdomoni. Kisha akageuza sauti ikawa nyembamba, ya mgeni, akajijibu mwenyewe: "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa.

Raundi ya pili, ya tatu, ya nne, sarafu ikimhamisha huku na huku, hakukosea. Kikombe kilichopinduliwa hakukigusa. Ukikisia, raundi nne zote kwenda sawa ni bahati ya mara moja katika 16, kwa hiyo mtoto mmoja hathibitishi kitu. Ila baada ya mgeni wa Kyela kuingia mchezoni, watoto wote kuanzia miaka miwili na nusu walipita raundi zao, akiwemo yule wa "havina kitu". Kilichobadilika ni swali tu. Tangu siku hiyo nikisoma mahali kwamba watoto wa fulani "hawana mawazo ya kubuni", huwa naanza kutafuta swali liliulizwaje.

Wadogo zaidi walifanya mambo mengine, nayo yana mpangilio wake. Yule wa miezi 22 alivinywa vikombe vyote viwili kwa kelele, akagonga jagi kuomba nyongeza. Hakumpa mgeni hata tone. Hakukosea kitu, yuko hatua yake. Mtoto huanza kujifanya kwa mwili wake mwenyewe, kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu: anakunywa kikombe kitupu, anafumba macho kana kwamba amelala. Jean Piaget alimwona binti yake Jacqueline akijilaza hivyo juu ya kitambaa akiwa na miezi 15. Baadaye ndipo anamlisha mwingine. Karibu na miaka miwili gunzi la mahindi linakuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na visoda vinakuwa sahani. Kitu kisichokuwepo kabisa, kama chai yetu, ambacho hakina hata gunzi la kukishikilia, kwa kawaida huja mwisho wa safari hiyo.

Tulipata na la ziada ambalo hatukulipanga. Nilikuwa nakung'utia "chai" mkekani, na raundi moja nikakung'utia karibu na mguu wa kijana wa miaka mitatu. Akauvuta mguu. "Umeniunguza!" Akachukua kona ya sweta akajifuta, akafuta na mkeka. Hakuna aliyemwambia chai ni ya moto, wala kwamba imemfikia. Paul Harris na Robert Kavanaugh walionyesha mwaka 1993 kuwa watoto wa miaka miwili hufanya hivyo: mdoli akimwagiwa chai isiyokuwepo, wao husema amelowa. Kwa kazi yetu, hata hivyo, ilikuwa kero, maana sasa kila mtoto alitaka aunguzwe. Tukaleta beseni la kumwagia.

Mwenzangu alikuwa na shaka moja ambayo hakuiachia. Labda, alisema, hawa wadogo wanaamini kweli kuna chai. Labda hawajifanyi, wamedanganyika tu, na anayedanganyika naye angechagua kikombe hichohicho. Ni shaka nzuri, na vikombe vikavu peke yake haviwezi kuijibu. Inataka chai ya kweli. Tukamwomba dada wa jikoni chai ya rangi, vuguvugu, yenye sukari. Tukaijaza nusu kikombe kimoja tukiwa tumegeuka; kingine tukakimiminia hewa mbele ya mtoto. Halafu tukasema tu, "Chukua unachotaka."

Hapa ndipo ninapomkumbuka Kanzi, ingawa habari zake zilichapishwa miaka 13 baada ya asubuhi ile. Kanzi alikuwa bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, aliyezaliwa 1980 na kufa Machi 2025 huko Iowa, Marekani, akiwa amezoea maisha yake yote kuzungumza na watu kwa kubonyeza alama na kusikiliza Kiingereza. Amalia Bastos na Christopher Krupenye walimfanyia mchezo uleule: jagi tupu, vikombe viwili, juisi ya uongo inamiminwa kote, kimoja kinamwagwa, "Juisi iko wapi?" Katika raundi 50 alionyesha kikombe sahihi mara 34. Si nyingi kama za binti wa Tukuyu, lakini anayekisia hufika 34 kwa bahati chini ya mara moja katika mia. Nao walishikwa na shaka ya mwenzangu, wakaijibu kwa njia ileile: kikombe cha juisi halisi kando ya cha uongo. Kanzi alichagua ya kweli mara 14 kati ya 18. Wakarudia na zabibu zisizokuwepo ndani ya mitungi, akapata 31 kati ya 45.

Kabla ya hapo habari za sokwe kujifanya zilikuwa za kusimuliwa, na nyingine zilisimuliwa vizuri sana. Kulikuwa na sokwe aitwaye Viki, aliyelelewa nyumbani na Cathy na Keith Hayes, aliyekuwa akiburuta kamba isiyoonekana kama anavuta gari, na siku moja "ikanasa" akaomba msaada. Kule Kibale, Uganda, mwaka 1993 Richard Wrangham alimfuata sokwe dume mdogo, Kakama, aliyebeba kigogo kwa saa nyingi na kukitengenezea kiota kidogo. Baadaye ikaonekana kwamba sokwe wachanga wa Kibale hubeba vijiti hivyo, majike zaidi ya madume, na jike huacha akishazaa wake. Ukiona, unasema huyo anabeba mtoto. Lakini huwezi kumrushia sokwe wa porini sarafu, na anayebisha atakuambia kijiti ni kijiti.

Kubisha huko hapa kwetu tunakufahamu. Wawindaji wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji, na kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kubuni, wataalamu hawakuweza kujua huyu ni wa upande gani. Alionekana kwa macho 2003, akatangazwa kisayansi 2005. Bibi wa mlangoni alisikia hilo nikimsimulia mwenzangu, akasema tu kwamba angeulizwa yeye.

Turudi kwenye chai ya kweli. Watoto sita walifika raundi hiyo kabla uji haujaiva. Watano walichukua kikombe chenye chai, wakanywa, hakuna aliyesitasita. Baridi nayo ilisaidia. Wa sita alikuwa yule kijana aliyeungua mguu. Alivitazama vikombe vyote viwili kwa muda mrefu, mpaka nikadhani nimemchanganya. Kisha akachukua kile kitupu, akakipuliza, akampelekea mgeni wa Kyela mdomoni na kumshikia kichwa kisianguke. Alipomaliza kumnywesha akakirudisha mkekani, akachukua cha pili, akageuka upande ambao mgeni hamwoni, akanywa chai yote.