Jumamosi ya Amri ya Saba

Wapendwa, kila nikisikia watu wanabishana kwamba kiongozi wa kanisa akianguka afichwe ili kanisa lisiaibike, na wengine wanasema hapana, afukuzwe asionekane tena, mimi namkumbuka mwalimu wetu wa kipaimara, mwinjilisti wa mtaa wetu (mtaa ni kanisa dogo lililo chini ya usharika) kule Uchagani, Kilimanjaro, mwaka 2001.

Wakati ule bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka vibaya sana, wengine mpaka waling'oa mibuni, na kanisa letu la Kilutheri kule mlimani lilikuwa linaishi kwa mkulima, mkulima akikosa, bahasha ya sadaka nayo inakuwa nyepesi. Posho ya mwinjilisti ilikaa miezi haijatoka. Hela iliyokuwa inaonekana ni ya mnada tu, ule wa kuuza sadaka za mazao na mifugo, ibada ikiisha mnatoka nje, mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, mzee anapaza sauti elfu mbili mara ya kwanza, elfu mbili mara ya pili, na ile hela ilikuwa inakaa kwa mwinjilisti peke yake mpaka aipeleke usharikani. Yani yeye ndo ahesabu, yeye ndo aandike, yeye ndo abebe. Akawa anachomoa kidogo kidogo kwa ajili ya ada za watoto, akijua atarudisha.

Hakuna aliyemkamata. Jumapili moja baada ya matangazo alisimama mwenyewe, akavua joho, akalikunja vizuri akaliweka kwenye benchi la kwanza, akasema "Ndugu zangu, nimekula hela ya sadaka" na akataja kiasi. Wazee wakakaa kikao, akasimamishwa huduma na kutengwa na Meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini, na deni alipe.

Sasa Jumamosi iliyofuata sisi watoto wa kipaimara tukaenda darasani kama kawaida, darasa likashikwa na mama mmoja mzee wa kanisa. Tulikuwa tunafuata mpangilio wa Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, na siku hiyo ilikuwa imefika Amri ya Saba, haikupangwa na mtu, ndo ilipokuwa imefika tu. Tumeshaanza, mlango ukafunguliwa, mwalimu huyo kaingia na katekisimu yake ile yenye jalada la kaki lililolainika kwa kushikwa. Tukasimama wote, shikamoo mwalimu. Yule mama akamwambia "Karibu mbele, mwalimu," akajibu "Asante mama, mimi nakaa huku nyuma na watoto."

Mama akamwinua binti aliyekuwa jirani yangu. Akasema vizuri tu, "Usiibe." Maana yake ni nini? Kimya. Na alikuwa anaijua, binti yule alikuwa hodari kutuzidi wote, ila nani angeweza kuisema ile maana huku mwalimu anamsikiliza? Basi nyuma kule tukasikia benchi linalia, mwalimu kasimama, mikono nyuma vile vile alivyotufundisha kusimama, akaanza kuitoa yeye, tumche na kumpenda Mungu, tusichukue fedha ya jirani wala mali yake, neno kwa neno, mpaka ile sehemu ya mwisho ya kumsaidia jirani mali yake itunzwe na iongezeke. Pale akanyamaza kidogo, akatuambia "Hapa mwisho nilikuwa napaharakisha nikiwafundisha. Leo tupaseme polepole." Tukapasema wote.

Kuna kijana akamuuliza hivi hivi, mwalimu, sasa wewe bado ni mwanafunzi wa Yesu? Mama alitaka kumkaripia, mwalimu akamzuia. Akafungua Yohana. Akatuonyesha Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, pale pale akamkana Bwana mara tatu, alafu akatupeleka sura ya 21, ufuoni, Yesu amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anamuuliza Petro mara tatu wanipenda. Akasema angalieni, Bwana hakujifanya amesahau, na swali lilimuuma Petro mpaka akahuzunika, lakini kondoo alipewa awalishe. Baadaye nikakua nikasoma Wagalatia 2 nikakuta Petro huyo huyo anakemewa na Paulo mbele ya watu kule Antiokia, miaka imeshapita, ameshakuwa nguzo ya kanisa. Kwa hiyo hata kurejeshwa hakukumfanya asihitaji tena mtu wa kumwambia ukweli, na hili naona makanisani tunalisahau sana.

Aliendelea kuja Jumamosi zote, anakaa nyuma, deni analipa kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe wake. Siku anarudi kundini mkutano ulikuwa umejaa, na kitu ambacho sijawahi kukisahau ni kwamba mzee wa kanisa kiongozi naye alisimama akasema sisi wazee tulimwacha mtumishi miezi yote ile bila posho na tukamwachia hela zote mkononi, hiyo ni dhambi yetu, tunaomba mtusamehe. Kuanzia Jumapili ile hela ya mnada ikawa inahesabiwa mezani mbele ya watu, wazee wawili wanasaini kwenye daftari, na posho ya mwinjilisti inatolewa kwanza kabla ya matumizi mengine ya mtaa. Mwalimu akarudishiwa darasa lake, na kipaimara sisi alituombea yeye.