Sinia la mtaa: anayekula sharti akune

Mlo wa mwezi huu umekwisha, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na kitambaa cha marikani tulichokilia juu yake nimekitandaza uani kikauke. Naandika kabla sijasahau.

Sharti la mradi huu wangu wa sanaa, mlo wa pamoja wa kila mwezi hapa mtaani, halijabadilika. Anayetaka kula aje na nazi moja, aketi kwenye mbuzi, aikune mbele za watu. Nazi yote inaingia beseni moja, inakamuliwa pamoja, na tui hilo ndilo la wali na la mchuzi wa samaki. Kisha masinia, watu wanne wanne, na huruhusiwi kukaa na uliyekuja naye.

Rafiki yangu mchoraji kaniuliza sanaa iko wapi hapo, maana anaona shughuli tu kama shughuli nyingine. Ana haki ya kuuliza. Mwaka 1992 Rirkrit Tiravanija, msanii wa Thailand, aliingia 303 Gallery kule New York, akahamishia vitu vya ofisi na stoo ukumbini, akageuza chumba cha nyuma kuwa jiko, akawapakulia wageni wali na mchuzi wa kwao bure. Kule kilikuwa kituko, nani amezoea kulishwa kwenye jumba la maonyesho? Ukifanya hivyo hapa kwetu Ngamiani, Tanga, utapata watu walioshiba, basi. Sinia moja tunalila harusini, msibani, kwenye futari. Kugawa chakula peke yake hakumshtui mtu Tanga. Kumkalisha mwanamume mwenye kanzu juu ya mbuzi, hilo linamshtua.

Ndiyo maana namtazama zaidi Michael Rakowitz, Mmarekani ambaye upande wa mama asili yake ni Wayahudi wa Iraki. Kuanzia 2003 amekuwa akiwafundisha watu mapishi ya Baghdad aliyoyakusanya na mama yake. Mwaka 2012 kazi hiyo ikawa gari la chakula Chicago: wapishi Wairaki, na wasaidizi wao askari wa Marekani waliowahi kupelekwa vitani Iraki. Askari anasubiri Mwiraki amwambie la kufanya. Hapo chakula kimebadilisha nafasi za watu, na mimi nataka hicho hicho, kwa kipimo cha mtaa.

Mwezi huu walikuja vijana wa bodaboda na nazi iliyokwisha kukunwa, ndani ya mfuko. Jiko si langu, ni la bibi mmoja jirani. Mimi nachota maji na kuchochea kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii mmekuna nyie?"

Wakatazamana. Mmoja akasema wamekunia sokoni, kwa mashine.

"Haya, kamwiteni mwenye mashine aje ale."

Walicheka, lakini walikwenda kununua nazi nzima. Yule mrefu alikuna kwa nguvu mpaka akafika kwenye kifuu, weusi ukaanza kudondokea kwenye beseni. Bibi akamshika mkono: izungushe nazi, wewe tulia. Wazee waliokuwa barazani wakasogeza viti waone. Mmoja wao, ambaye siku zote hutuma mjukuu amkunie, aliomba zamu yake mwenyewe bila kuambiwa. Nusu saa hiyo kwangu ina thamani kuliko mlo wenyewe, ingawa kasimile, lile tui la kwanza, ilitoka nzito na wali haukubaki.

Namna ya kuhifadhi kumbukumbu ya mlo bado inanisumbua. Msanii Daniel Spoerri alikuwa akigandisha kwa gundi mabaki mezani, sahani, mifupa na vichungi vya sigara, kisha meza nzima inatundikwa ukutani. Naipenda kazi ile, ila hapa ingeitwa israfu, na panya wangefika kabla ya watazamaji. Mimi natandika marikani chini ya sinia na kila mlaji anachora kwa mkaa alipokaa. Safari hii bizari ya mchuzi imefunika mkaa, michoro ya upande mmoja haionekani tena. Nafikiria michoro ishonwe juu yake kwa uzi mweusi siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaondoka. Nimemwendea fundi cherehani wa barabara inayofuata. Anataka kulipwa kwa mita, mimi nataka aje na nazi. Bado tunabishana.