Chenji ya Mama, Hesabu ya Konda

Mwaka 2024 nilikuwa kidato cha tatu, na ratiba yetu ilikuwa na ubaya mmoja: Hesabu ilikaa kipindi cha kwanza siku tatu kwa wiki. Nyumbani ni Ukonga Mombasa, hapa Dar es Salaam, shule iko upande wa Tazara. Ni Barabara ya Nyerere hiyo hiyo, hata kona hukati. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa huku kwetu asubuhi yake inakwendaje.

Shida ya kukaa Mombasa ni kwamba magari ya daladala yanaanzia Gongo la Mboto. Yakifika kwetu yameshajaa, konda ananing'inia mlangoni. Akiona sare tu anagonga bodi, dereva anakanyaga mafuta. Siku ya huruma anasema "wanafunzi wawili", na hapo kituoni tuko kumi na tano. Wanaopanda ni wenye viwiko. Mimi viwiko sina.

Kwa hiyo nilikuwa nafika mstarini wenzangu wameshaingia darasani, nakabidhiwa ufagio. Nimefagia ule uwanja mpaka najua kila mzizi wa mwembe. Mwalimu wa zamu hakuwa anauliza sababu, na sikumlaumu sana, maana sababu yetu ilikuwa moja tangu Januari.

Basi ukaja mdahalo. Kwetu midahalo ni Ijumaa mchana na huwa ni kwa Kiingereza, ndiyo maana wasemaji ni wale wale watano na sisi wengine ni wa kupiga makofi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amepewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, akaleta hoja: nauli ya mwanafunzi ipande ili makonda watuchukue. Tukaokota vikaratasi. Changu kikasema niunge mkono. Nilitamani kukirudisha kwenye boksi. Mimi, niliyekuwa nawatukana makonda kimoyomoyo kila siku, nikasimame mbele ya shule niwatetee?

Jumamosi nikaenda Gongo la Mboto kituoni, mchana, muda ambao magari yanapanga foleni na watu wa magari wanapiga soga. Nikamwona konda mmoja niliyemjua sura, maana ndiye aliyekuwa akiniacha kuliko wote. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Nikamweleza nina mdahalo. Akacheka, akaniambia, "Kaa hapo dogo, nikufundishe hesabu."

Nikakaa, na kweli alinifundisha. Mwenye gari, ambaye wao wanamwita tajiri, anataka hesabu yake, yaani kiasi alichokipanga, kila jioni, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho dereva na konda wanagawana. LATRA, mamlaka ya serikali inayopanga nauli, ilipozipandisha Desemba 2023, mtu mzima wa safari fupi alitoka 500 akaenda 600, mwanafunzi akabaki 200 yake. "Nikipakia madenti kumi nina elfu mbili," akasema. "Nikipakia wakubwa kumi nina elfu sita. Sasa hiyo elfu nne, tajiri atanisamehe kwa sababu wewe unasoma?" Nilikaa kimya. Nilikuwa nakosa Hesabu darasani kwa sababu ya hesabu ya tajiri.

Nikamwuliza mimi nifanyeje sasa. Akaniambia nigeuze nalo: nipande gari linalorudi Gongo la Mboto, nibaki ndani mpaka ligeuke. Nilijaribu siku tatu. Unapata siti ya dirishani kama bosi, lakini unalipa mara mbili, na mia mbili ya pili ilikuwa inatoka kwenye pesa ya muhogo wa mapumziko. Njaa ikanishinda.

Kilichoniokoa ni kitu alichokisema kwa kulalamika tu. Alisema nauli ya mia sita imewatesa makonda kwa chenji. Kila mtu asubuhi anatoa noti ya elfu, kila mtu anadai mia nne, wengine wanatoa elfu kumi kabisa na kununa juu. Na mimi mama yangu anauza vitumbua, kimoja mia mbili! Nyumbani kuna kopo la maziwa limejaa sarafu, halina kazi mpaka mama apate wa kumbadilishia noti za kununulia mchele.

Nilimwomba mama anipe za elfu kumi. Alinitazama kama nimemwomba figo. "Zikipotea utakula hizo sare zako," akasema, akanihesabia mbili mbili, mara mbili. Jumatatu nikasimama Mombasa, nikatikisa mfuko wa nailoni. Yule kaka aliusikia kabla hajaniona. Akashuka mwenyewe, akanisukumia ndani, akachukua sarafu, akanipa noti ya elfu kumi na nauli yangu ya mia mbili akaikataa. Wiki ya pili makonda watatu wa njia ile walikuwa wananijua kwa jina la "Benki". Ufagio nikauacha kwa wengine.

Mdahalo wenyewe? Tulipigwa. Ukumbi mzima ni watu wanaolipa mia mbili, nani akupe kura? Dada mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema kwao wako wanne wanaopanda gari, kwenda na kurudi ni 1,600 kwa siku, ikiwa mia tatu tu itakuwa 2,400, na mama yao hana mwajiri wa kumwongezea mshahara. Kisha akauliza kama elimu bila ada inaishia getini. Makofi yake yalikuwa bado yanalia nilipoanza kusema.

Nikashika hapo hapo kwenye ada. Nilisema ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016, serikali haikumwambia mkuu wa shule ajijue mwenyewe, ilianza kupeleka fedha shuleni kufidia. Nauli yetu nayo imepunguzwa kwa amri ya serikali, ila anayeifidia ni konda, kutoka mfukoni mwake, ndiyo maana anatukimbia. Nilipokaa, mwalimu akaniambia nimejenga hoja nzuri ya upande usiokuwepo, kwa sababu nimesema nauli isipande, alipe mwingine. Kweli. Sikuwa nimeona mpaka aliposema.

Lakini huo ndio msimamo wangu hadi leo. Rafiki yangu ananibishia kwamba fedha ya serikali ni kodi, kwa hiyo baba yangu atalipa mia sita yake na kuniongezea yangu kwa mlango wa nyuma. Sawa, alipe, ila tulipe wote, hata wenye magari yao ambao hawajawahi kusukumwa na mlango wa Coaster. Kumwachia kijana wa mlangoni aamue kila asubuhi nani asome na nani afagie, hapo ndipo sikubaliani. Na najua mfuko wangu wa sarafu haujawasaidia wale kumi na wanne ninaowaacha kituoni. Wananiangalia vibaya, nami naangalia mbele.

Jumatatu baada ya mdahalo yule kaka alinivutia ndani kama kawaida, akauliza, "Enhe, tumeshinda?"

"Tumepigwa, kaka."

Akatikisa kichwa, akahesabu sarafu nilizompa, akanirudishia mbili kiganjani. "Haya, Benki, mpe huyo mama wa nyuma mia nne yake."

Nikageuka nikampa.