Nilivyochagua madabodi ya kompyuta yangu ya gemu

Binamu yangu aliyeko Dubai alinitumia prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 aliyoitoa kwenye mashine yake. Hapo ndipo nilipoamua kujiundia kompyuta ya gemu, hapa nyumbani Tabata. Mfukoni nilikuwa na laki nane na nusu, nayo ilitakiwa itoshe madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), rami, kadi ya picha, pawa saplai na kesi. Watu wengi huanza na kadi ya picha, chenji inayobaki ndiyo wanayonunulia madabodi. Nami nikafanya hivyohivyo: nikachukua RX 580 ya GB 8 iliyotumika, kisha nikaingia Kariakoo kutafuta madabodi ya bei ya chini kuliko zote.

Nikapata ya A320 kwa elfu tisini. "Hiyo soketi yake ni AM4 bosi, prosesa yako inakaa bila wasiwasi," muuzaji akaniambia. Kweli ilikaa. Usiku nikawasha: feni zinazunguka, taa ya kibodi inawaka, kioo cheusi. Nikachomoa rami, nikafuta meno yake kwa raba ya penseli, nikaihamishia tundu la pili. Nikabadilisha waya wa HDMI. Cheusi vilevile. Nililala saa nane na hofu kubwa, maana kama prosesa ndiyo iliyokufa, sikuwa na hela ya nyingine.

Asubuhi nikampelekea fundi wa mtaani kwetu. Akatoa prosesa yangu, akaweka Ryzen 3 ya zamani aliyokuwa nayo kwenye droo, kioo kikawaka papo hapo. "Kaka, prosesa yako nzima kabisa. Madabodi ndiyo haiijui." BIOS, yaani programu ndogo ya kuwashia mashine iliyomo kwenye madabodi, ilikuwa ya 2018, prosesa imetoka 2022. Soketi ya AM4 imepokea vizazi kadhaa vya Ryzen, matundu yake 1,331 ni yaleyale, lakini kukaa si kutambuliwa. BIOS ndiyo inayoitambua prosesa, na kama ni ya zamani mno kwa prosesa yenyewe, mashine haiendi popote.

Angeweza kunisasishia BIOS palepale. Ila alinigeuzia ile bodi, akaniwekea kidole pembeni ya soketi, kwenye vibonge vidogo vyeusi vilivyojipanga mstari. Hiyo ni VRM, inayopokea volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na ushee ambayo prosesa inaihitaji. Kazi hiyo inatoa joto, na vibonge vya bodi yangu vilikuwa vitupu, havina hata kipande cha bati la kupoza. Ryzen 5 5600 ni ya wati 65, haili umeme mwingi, kwa hiyo huenda ingevumilia. Lakini chumba changu hakina AC, na joto la Dar mwezi wa Januari tunalijua.

Nilirudi dukani, muuzaji akakubali nibadilishe kwa kuongeza hela. Safari hii niliangalia bodi kwa saa nzima. A520 mpya ilikuwa nzuri, lakini PCIe yake, yaani muunganisho unaopitisha data kati ya kadi ya picha na prosesa, inaishia toleo la 3.0. Kwa RX 580 hilo halina shida, maana nayo ni ya 3.0. Mimi nilikuwa nafikiria kadi ya mbele: RX 6600 inatumia njia nane tu za PCIe, na RX 6500 XT njia nne, kwa hiyo ukiiweka hii ya pili kwenye bodi ya 3.0 kasi inapungua waziwazi. Bodi za AM5, soketi iliyoifuata AM4, niliziacha mapema. Zinataka prosesa nyingine, na rami zake ni za aina ya DDR5 peke yake.

Nikachukua B550 iliyotumika, inayofika PCIe 4.0, saizi ya micro-ATX, kwa laki mbili na kumi. Ina bati la kupoza juu ya VRM, matundu manne ya rami, na nyuma ina kitufe cha kusasisha BIOS hata kama prosesa haipo. Kitufe hicho nakithamini kuliko kitu chochote kwenye bodi hiyo. Hela iliyozidi niliikata kwenye kesi: nikanunua iliyotumika, isiyo na kioo wala taa.

Nyumbani nikafomati flashi kwa FAT32, nikaweka faili la BIOS kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye kitabu cha madabodi, nikaazima UPS ya ofisini umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Nikabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikapepesa dakika kama tano hivi, ikazima. Nikaweka prosesa, pembetatu ya dhahabu ikitazamana na ile ya soketi, nikawasha. Kioo kikaja.

Rami zangu mbili za GB 8 zilikuwa zinasoma kasi ya 2400 badala ya 3200 zilizoandikiwa, nikawasha XMP, mpangilio wa BIOS unaozipa rami kasi yake iliyoandikwa, zikapanda. Mdogo wangu alicheza gemu ya mpira saa mbili mfululizo dirisha likiwa wazi. Nilipoangalia, VRM ilikuwa nyuzi 64.