Mwanafunzi wa Miaka 47 Mjini York

Hii ni wiki ya kumi tangu nianze kusoma lugha ya Kiingereza na utamaduni wa Waingereza hapa York, nami kwa umri wangu wa miaka 47 ningeweza kuwazaa wengi wa wanafunzi wenzangu. Kiingereza cha vitabuni nilikuja nacho kutoka Tanga, lakini hakikunifaa siku ya kwanza nilipoelekezwa nipite mtaa wa Stonegate; kwa kuwa "gate" kwa Kiingereza ni lango, nikazunguka kutafuta lango ambalo halikuwapo. Baadaye mwalimu alitueleza kwamba katika majina ya mitaa ya mji huu neno "gate" limetokana na lugha ya Waskandinavia, waliouteka mji mwaka 866, na maana yake ni njia. Malango yenyewe ya ukuta wa kale, kama lile la Micklegate, huitwa "bar", neno ambalo mimi nililijua kwa mambo ya pombe tu.

Salamu ndizo zilizonisumbua zaidi. Mtu akikuuliza kama u mzima huku akipita, hatarajii umweleze habari za mgongo, watoto na shamba, kama nilivyomfanyia jirani yangu, maskini, akabaki amesimama mvuani kwa adabu.

Tarehe 5 Novemba tulitazama fataki za kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge, nikashangaa kusikia kwamba Guy Fawkes, mmoja wa waliokula njama hiyo, alizaliwa mji huu huu. Kesho nina mtihani wa kusikiliza, na lafudhi ya Yorkshire bado inanipiga chenga.